Nyayo na Daftari

Ng'ombe akiibwa usiku katika vijiji vya Kenyenya, huko Gusii katika Kaunti ya Kisii, kinachotangulia ni nduru. Boma moja likipiga, la pili hupokea, na muda si muda kilima kizima kiko macho. Lakini nduru haimrudishi ng'ombe. Kazi yenyewe huanza kunapopambazuka, watu wanapoinama. Ng'ombe aliyeswagwa mbio huchimba ardhi kwa ncha ya kwato na kurusha udongo nyuma. Aliyetembezwa polepole hukanyaga bapa. Nyasi zenye umande zikipitiwa hubaki na mstari mbichi katikati ya weupe. Kinyesi hueleza saa. Penye mawe msafara husimama, wazee wakatawanyika, mpaka mmoja apaze sauti ng'ambo ya kijito kwamba alama zimeonekana tena. Mpaka wa Transmara hauko mbali, na mifugo imevushwa pale kwa vizazi, Wakisii wakiwalaumu Wamaasai na Wamaasai wakiwalaumu Wakisii, kila upande ukiwa na hesabu yake ya hasara.

Katika sehemu nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki kanuni ilikuwa moja: nyayo zikiingia kwenu, ni juu yenu kuonyesha zilikotokea. Mkizionyesha, deni linahamia kwa jirani. Mkishindwa, mnalipa. Ni kanuni kali na ina dhuluma yake, maana humtoza asiyeiba pamoja na aliyeiba. Wakoloni waliipenda kwa sababu hiyo hiyo, wakaigeuza kuwa faini ya kijiji kizima. Hata hivyo ina jambo moja ambalo nataka kulifuata mpaka linakoishia. Anayeshtaki na anayeshtakiwa wanatazama udongo ule ule. Mshtakiwa anaweza kuinama naye akasema: hii si ya ng'ombe, ni ya punda, na hii ni ya juzi, tazameni, imenyeshewa. Utetezi wake umo ndani ya alama yenyewe.

Ninachodai ni hiki. Teknolojia ya kutambua na kufuatilia matishio ya usalama, iwe ya kwato au ya kompyuta, haipati uhalali wake kwa usahihi peke yake. Huupata pale alama inaposomeka na pande mbili. Tumezoea kuuliza mtambo unakosea mara ngapi, na ni swali zuri, nitalifikia. Lakini mtambo unaopatia mara 99 katika 100 na usiokubali kuulizwa naona una hatari zaidi kuliko mzee mwenye macho mabovu anayekushika mkono na kukuonyesha alichokiona.

Gusii hiyo hiyo ina utambuzi wa namna nyingine kabisa. Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1950, aliandika juu ya wataalamu ambao familia iliwaendea ilipopatwa na vifo visivyoeleweka. Kulikuwa na omoragori, mpiga ramli, mara nyingi mwanamke, aliyeeleza chanzo cha msiba. Na kulikuwa na omoriori, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia nyumbani na kuufukua uchawi uliofichwa: ukutani, darini, chini ya sakafu. Anachimba, anatoa kifurushi, watu wanashusha pumzi. Nani alikiweka? Hilo sasa ni shauri la nani ana kisa na nani.

Mtazame omoriori kwa jicho la mhandisi na utaona kwamba alikuwa na karibu kila kitu ambacho mkaguzi wa usalama anacho. Ana mafunzo, ana sifa, ana mteja mwenye hofu, na mwisho wa kazi ana kitu cha kuonyesha. Kilichokosekana ni kimoja tu: mtu wa pili hana namna ya kuirudia kazi yake na kufika pale pale, wala kushindwa kufika. Jirani anayetuhumiwa hawezi kuinama. Ainame wapi?

Msomaji wa mjini asicheke. Mwezi Mei 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza kifaa kiitwacho ADE 651. Kilikuwa kishikio cha plastiki chenye antena inayochezacheza, na maelezo yake yalisema kinanusa baruti, dawa za kulevya, hata pembe za ndovu, kutoka mbali. Asili yake ilikuwa kidude cha kutafutia mipira ya gofu kilichouzwa Marekani kwa takriban dola 20. Ndani hamkuwa na betri wala saketi iliyofanya kazi yoyote. Antena iliyumba kwa sababu mkono wa aliyeishika uliyumba, naye hakujua kwamba mkono wake ndio uliokuwa ukisema. Iraq ilitumia makumi ya mamilioni ya dola kuvinunua na kuviweka katika vizuizi vya Baghdad. Wateja wengine walikuwa wengi, na polisi wa Kenya walitajwa miongoni mwao. Miaka mitatu baada ya McCormick kufungwa, askari wa Baghdad walikuwa bado wanavitumia. Waziri Mkuu Haider al-Abadi aliagiza viondolewe Julai 2016, baada ya bomu la mtaa wa Karrada kuua watu zaidi ya 300.

Tofauti kati ya omoriori na McCormick ni kwamba wa kwanza huenda aliamini kazi yake. Kwa aliyesimama kizuizini antena ikamwelekea, tofauti hiyo haina faida yoyote. Mikono yote miwili ilikuwa ikisoma kitu ambacho kilikuwa tayari moyoni mwa mwenye mkono: namna ya kuvaa, lafudhi, gari bovu, chuki ya zamani. Kifaa kilifanya kazi moja tu, ya kuigeuza shaka ya mtu kuwa kauli ya kitu. Na kauli ya kitu haina aibu. Askari hakukushuku yeye, kimekushuku kifaa.

Kitu hicho kinaweza kuwa karatasi tu. Mei 2008 genge la watu lilizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kisii na kuwachoma moto waliosemekana kuwa wachawi. Waliouawa walikuwa si chini ya 11, wengi wao wazee, wengi wao wanawake. Wanahabari waliofika waliambiwa na wanakijiji kwamba katika shule moja ya msingi lilikuwa limeokotwa daftari, daftari la kawaida la mwanafunzi, lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Na genge lenyewe lilikuwa na orodha yake ya majina mkononi.

Nimelifikiria daftari hilo mara nyingi. Ukiondoa moto na mapanga, lina kila kitu ambacho orodha ya watu hatari inacho duniani kote. Linajidai kuwa taarifa za siri zilizonaswa. Linatabiri tishio ambalo bado halijatokea. Limeandikwa, na kwa hiyo lina uzito ambao umbea hauna. Mwandishi wake hajulikani. Na aliye katika orodha hajui kwamba yumo mpaka mlango ubishwe. Mtu angeweza kuuliza mwandiko ni wa nani, ukurasa ule umeandikwa lini, kalamu ni ya rangi gani. Hayo ni maswali ambayo hata mtoto wa darasa la 5 angeyaweza. Hayakuulizwa, kwa kuwa karatasi ilikuwa imeshasema. Miaka 13 baadaye, Oktoba 2021, wanawake wanne wa makamo na wazee waliuawa kwa namna hiyo hiyo huko Marani, katika kaunti hii hii. Safari hiyo halikuhitajika hata daftari.

Sasa lile swali la usahihi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii. Tuseme kati yao wako watu 100 wenye nia ya kweli ya kuua halaiki, idadi ambayo naiweka juu makusudi. Tuseme tumepewa mtambo wa ajabu unaokosea mara moja tu katika 100, kwa wabaya na kwa wema. Tukiwapitisha watu wote, utawanasa wabaya 99. Pia utawanasa wasio na hatia zaidi ya 12,600. Kengele ikilia, uwezekano kwamba aliyesimama mbele yako ni mbaya haufiki hata mmoja katika 100. Kwa kila mwovu wako watu 128 wa kawaida, mwalimu, muuza ndizi, mama anayepeleka mtoto kliniki. Hesabu hii haina siasa wala itikadi. Inatokana na jambo jepesi: waovu wa aina hiyo ni wachache mno, na kitu kichache kikitafutwa katika umati mkubwa, makosa madogo ya mtafutaji hukizidi kwa wingi.

Wanaouza mitambo huijua hesabu hii. Wanaonunua mara nyingi hawaambiwi. Na mitambo tuliyonayo haikaribii ubora huo hata kidogo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kibiashara zilizokuwa zikichambua nyuso na kukisia jinsia. Kwa wanaume weupe moja ilikosea chini ya mara 1 katika 100, na kwa wanawake weusi ikakosea zaidi ya mara 34. Mwezi Septemba wa mwaka huo huo polisi wa Kenya walikuwa wakitangaza teknolojia ya kutambua nyuso katika nchi ambayo karibu kila uso ni wa rangi ile ambayo mashine hizo zilikuwa zinaisoma vibaya.

Kwa hiyo kengele haiwezi kuwa hukumu. Inaweza tu kuwa mwaliko wa kwenda kutazama. Msako wa nyayo uliyajua haya bila kufanya hesabu: nyayo zikifika mlangoni kwenu si kwamba wewe ndiye mwizi, ni kwamba sasa una swali la kujibu, na waliokuja nalo wanasimama hapo wakingoja jibu. Kinachoua ni haraka ya kutoka kengele hadi moto.

Kuna kisa kimoja cha Sungusungu ambacho kinanisumbua kuliko hayo yote, kwa sababu kinaonyesha kwamba watu wale wale wanaweza kuvuka kutoka alama ya udongo hadi alama ya ramli wasijue kwamba wamevuka. Jeshi hilo la jadi lilianza miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafugaji waliochoka kuibiwa ng'ombe. Walifuata nyayo, na walifanikiwa. Haikuchukua muda wakaanza kuwasaka wachawi, hasa vikongwe. Jina hilo lilivuka mpaka likaingia Gusii, na huko likawa la vikundi vya vijana walioanza kwa kusifiwa kwamba wamepunguza ujambazi, wakaishia kuogopwa kama majambazi wenyewe, mpaka serikali ikavipiga marufuku mwaka 2010. Mafanikio ya kwanza ndiyo yaliyowapa ruhusa ya pili. Waliopatia kwa mwizi wa ng'ombe waliaminiwa kwa kila kitu, hata pale ambapo hapakuwa na kwato ya kutazama.

Nchi nzima nayo ilipita njia inayofanana na hiyo. Kenya ilipigwa Agosti 7, 1998, watu 213 wakafa katika ubalozi wa Marekani na pembeni yake Nairobi. Septemba 21, 2013 ikapigwa tena katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, watu 67 wakauawa. Mwaka uliofuata serikali iliipa Safaricom mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 wa kuweka kamera 1,800 Nairobi na Mombasa na kuunganisha vituo 195 vya polisi. Kenyenya haikuwamo katika mpango wa kamera. Sehemu kama Kenyenya ziliwekewa Nyumba Kumi.

Wazo lenyewe lilitoka Tanzania ya TANU, ambako balozi wa nyumba kumi alikuwa jicho la chama na pia msuluhishi wa ugomvi wa kuku. Baada ya Westgate, Kenya ililichukua, ikaweka kamati ya kitaifa chini ya Joseph Kaguthi, na machifu wakaagizwa kuitisha mabaraza. Mjue jirani yako. Mgeni akipanga chumba, ijulikane katoka wapi. Kwa gharama, hakuna mtambo unaoushinda mpango huu. Hautaki umeme, unajua lugha, unajua nani hulala saa ngapi.

Lakini kihisio hiki, yaani jirani, kina shamba. Hapo ndipo wasanifu wa Nairobi walipopita haraka. Gusii ni mojawapo ya sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa zaidi Kenya. Kipande cha babu kimegawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka ndugu wawili wanagombania mstari mmoja wa migomba. Katika mauaji ya wanaoitwa wachawi, watu wa haki za binadamu na hata wakuu wa serikali wamesema tena na tena kwamba nyuma ya tuhuma mara nyingi iko ardhi: mjane mzee aliyeshikilia eka ambayo wengine wanaitaka. Sasa mpe jirani huyo wajibu wa kitaifa wa kutoa taarifa. Kamera ya Nairobi inaweza kukosea kwa sababu ya giza au lenzi chafu. Jirani anakosea upande mmoja daima, upande wa mpaka wake.

Sisemi jirani asitoe taarifa. Mtu aliyeona watoto wa shule wakishawishiwa kwenda kupigana Somalia na akanyamaza ana lawama. Ninachosema ni kwamba kila mtambo wa kutambua una masilahi ndani yake, na ule wa binadamu angalau tunayajua masilahi yake. Mzee wa mtaa anajua nani kagombana na nani. Ukiingiza taarifa hiyo hiyo katika kompyuta, mstari wa migomba unafutika. Inabaki alama nyekundu mbele ya jina, safi, isiyo na historia.

Na vyombo vinavyotafuta alama fulani huishia kuona watu wa alama hiyo. Aprili 2014 operesheni ya Usalama Watch iliwakamata maelfu ya Wasomali Eastleigh, Nairobi, na kwingineko, wakafungiwa uwanja wa Kasarani ili vitambulisho vyao vikaguliwe. Januari 2019 hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi ilipovamiwa na watu 21 kuuawa, mmoja wa wavamizi aliyetambuliwa alikuwa Ali Salim Gichunge, Mkenya, mtoto wa mwanajeshi, aliyekuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu, kati ya majirani wa kawaida. Kasarani haikuwa imetengenezwa kumwona mtu kama huyo. Kilichowasaidia wapelelezi baadaye ni simu na pesa zilizotumwa kwa simu. Hizo ni nyayo hasa. Kila aliyewahi kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, Kenyenya au Nairobi, analikumbuka lile daftari refu lililokuwa juu ya kaunta: tarehe, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi, sahihi. Wakili wa mshtakiwa aliweza kuliomba mahakamani, akauliza sahihi ni ya nani, akasema mteja wake saa hiyo alikuwa Mombasa. Kwa hiyo sibishani na umeme wala kompyuta. Daftari la wakala na daftari la wachawi yote ni karatasi yenye mistari; moja lina safu ambazo kila mtu anaweza kuzikagua, jingine halina hata jina la aliyeliandika.

Kuna swali la nyuma zaidi, ambalo wanaobuni mitambo hulichukulia kuwa limeshajibiwa: tishio ni nini, na kwa nani? Mapema mwaka 1908 ofisa Mwingereza Geoffry Northcote alichomwa mkuki Kisii na Otenyo, kijana ambaye kwa masimulizi ya Abagusii, yaani Wakisii, alitiwa ari na nabii mwanamke, Moraa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo hakupona. Katika majalada ya serikali tishio lilikuwa Otenyo. Kwa Moraa tishio lilikuwa Northcote: mifugo inachukuliwa, nyumba zinachomwa, mgeni anaamuru. Ukiyasoma yaliyofuata, adhabu ya kijeshi iliyoteketeza vijiji, ni vigumu kusema Moraa alisoma alama vibaya. Ila yeye hakuwa na jalada.

Miaka 12 baadaye kikaja kipande. Kuanzia 1920 kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole na majina ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wanaume wa Kisii waliokwenda mashamba ya chai ya Kericho walikwenda nacho. Huo ulikuwa mtambo wa kwanza wa kitaifa wa kufuatilia watu Kenya, na ulifanya kazi vizuri. Aliyetoroka kazi alipatikana. Tishio ambalo ulitengenezwa kulitambua lilikuwa mtu aliyechoka na bwana wake. Aliyeandika ndani ya kipande alikuwa bwana, na aliyekivaa, mara nyingi, hakujua kusoma kilichoandikwa juu yake. Sijui mfano bora wa alama isomwayo na upande mmoja tu.

Ndiyo maana Wakenya walipoambiwa mwaka 2019 wajiandikishe Huduma Namba, nambari mpya ya utambulisho wa kitaifa, wazee wengine walicheka bila furaha. Sheria ilikuwa imeruhusu kuchukuliwa kwa vinasaba na mahali hasa mtu anapoishi kwa setilaiti. Januari 30, 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizuia hivyo viwili, na wakataka uwepo kwanza mfumo wa kulinda taarifa. Oktoba 2021 mahakama ikasema zoezi lilizinduliwa kinyume cha sheria kwa kuwa madhara yake kwa taarifa za watu hayakuwa yamepimwa. Wengine walilalamika kwamba mahakama inawasaidia magaidi. Mimi naona ilifanya kazi ya yule mzee anayesimamisha msafara penye mawe.

Halafu kuna shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi. Huko hakukukosekana alama. Maonyo kwamba chuo kikuu kingeshambuliwa yalikuwa yametolewa siku chache kabla. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake. Shambulio lilianza alfajiri, na kikosi maalumu kilichoweza kulimaliza kilifika mchana. Kila baada ya msiba kama huo jibu la kwanza ni kununua macho zaidi, nami naelewa kwa nini: macho yana bei na mkandarasi, na uzinduzi wake unaweza kukatiwa utepe. Kuchelewa kwa ndege ya askari hakuna utepe. Tume ya Marekani iliyochunguza mashambulio ya Septemba 11, 2001 ilikuta hali ya namna hiyo: taarifa zilikuwapo, zimelala katika ofisi ambazo hazikuwa zikizungumza.

Kenya ilipata Sheria ya Kulinda Taarifa Novemba 2019. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo zito, na ya kudai uamuzi huo utazamwe upya. Ni kifungu kizuri, kana kwamba aliyekiandika aliwahi kufuata ng'ombe. Kisha kifungu cha 51 kinaondoa sheria hiyo pale usalama wa taifa unapohusika. Yaani una haki ya kuuliza kwa nini programu imekunyima mkopo wa shilingi elfu 3, na huna hakika ya kuruhusiwa kuuliza kwa nini imekuita gaidi.

Serikali ina jibu, na si jibu la kipuuzi: tukimwonyesha mshukiwa jinsi tulivyomwona, atajificha vizuri zaidi, na wenzake pia. Katika msako wa ng'ombe mwizi naye hujua kwamba nyayo zinasomwa, na ndiyo maana huvusha mifugo mtoni au kuipitisha barabara yenye magari. Wasakaji hawajaacha kwa hilo kumwonyesha mshtakiwa udongo. Tena si lazima alama ionyeshwe uwanjani. Inaweza kuonyeshwa kwa jaji. Januari 2005 Rahinah Ibrahim, Mmalaysia aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Stanford, alikamatwa uwanja wa ndege wa San Francisco akiwa katika kiti cha magurudumu. Alikuwa katika orodha ya wasioruhusiwa kuruka. Alishtaki, na serikali ya Marekani ikajitetea kwa siri za taifa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2014 Jaji William Alsup alitoa hukumu: ofisa wa FBI alikuwa ameijaza fomu kinyume, akatia alama katika visanduku ambavyo hakukusudia. Iliyolindwa kwa miaka yote hiyo kama siri ya taifa ilikuwa kosa la kalamu. Hakuna gaidi ambaye angefaidika kulijua.

Kesi iliyo ngumu kwangu si hiyo. Ni ya jirani. Tuseme mama mmoja katika kijiji cha Kenyenya amesikia kupitia ukuta kijana wa nyumba ya pili akipanga jambo, na amekwenda kwa chifu usiku. Alama yenyewe ni sikio lake. Ukiifungua, umemfungua yeye, na Sheria ya Kulinda Mashahidi, iliyotungwa 2006, haina nyumba ya kumficha mama mwenye ng'ombe wawili na shamba la nusu eka. Ukiifunga, tumerudi kwenye daftari lisilo na mwandishi. Hapa nyayo hazinisaidii, kwa kuwa udongo hauuawi kwa kutoa ushahidi.

Katika hali hiyo ningemwomba chifu aipokee taarifa, aende mwenyewe au atume mtu atafute alama ya pili inayojitegemea, risiti, simu, mzigo, mgeni aliyeonekana na wengine, na kijana aulizwe juu ya hiyo ya pili tu. Isipopatikana kwa muda wa maana, tuhuma ifutwe katika kitabu, jina lisibaki humo likingoja kizazi kingine. Najua kwamba mara moja katika mara nyingi mama atakuwa amesikia sawasawa na alama ya pili haitapatikana kwa wakati. Gharama hiyo naiona, na naichagua, kwa sababu ile nyingine imeshalipwa Kisii na wanawake wazee ambao hawakuulizwa lolote.